Mafuta ya akiba kwenye safari ndefu ya pikipiki: dalili, chanzo na tiba

Anayefunga dumu la petroli kwenye keria huwa na wazo moja tu: nisiishiwe njiani. Akishaondoka ndipo anagundua kwamba dumu nalo lina shida zake. Linanuka, linavimba, linalegea, na akishalimimina kwenye tangi, injini inaanza kukohoa. Karibu zote hizi nimezipitia, na ninaamini kwa dhati kwamba nyingi hutokana na kubeba mafuta hayo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tangi la pikipiki lilitengenezwa likae na petroli, lina tundu la kupumulia na limekazwa kwenye fremu. Dumu linategemea kamba na mpira wa kifuniko. Kwa hiyo kuna tiba moja itakayojirudia sana humu: tangi likishapata nafasi ya kutosha, hamishia mafuta ya dumu mara moja. Usingoje rizevu, yaani ile akiba ya mwisho ya tangi lenyewe.

Kabla hujagusa kitu, zima injini, kaa mbali na moto na sigara, na simama upande upepo unakotoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea, bali hushuka na kutambaa chini, ukajikusanya mtaroni au chini ya pikipiki yenyewe. Na unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo usijidanganye kwamba asubuhi ya baridi ni salama.

Harufu ya petroli inakufuata njia nzima

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu mtu anajiambia, "Nimebeba petroli, lazima inuke." Si lazima. Dumu zuri lililofungwa vizuri halinuki ukiwa umekaa kwenye siti.

Anza na kifuniko. Kifungue, utoe mpira wa kuziba, uukague. Ukiona umekatika, umekauka au umejikunja, umepata mwizi wako. Ukiona umevimba na kuwa laini kama ulioloweshwa, ujue hiyo ni raba isiyofaa. Wengi hukata washa, yaani huo mpira wa kuziba, kutoka kwenye tyubu kuukuu ya tairi wakidhani raba ni raba. Raba ya tyubu hunyonya petroli, huvimba na hatimaye huteleza kutoka mahali pake. Raba inayovumilia petroli ni ya nitrile au ya Viton, na washa mbili za akiba zinakaa kwenye mfuko wa plagi bila kuchukua nafasi.

Mpira ukiwa mzima, tazama kiasi cha mafuta. Dumu lililojazwa mpaka shingoni litasukuma mafuta nje jua likipanda, hata likiwa na kifuniko kipya. Punguza, na sababu yake nitaieleza kwenye sehemu ya kuvimba.

Kifuniko kizima, kiasi sawa, na bado kunanuka? Sasa fungua kamba zote ulishushe dumu. Usilikague likiwa limefungwa. Nasema hivi kwa sababu safari moja nilinusa petroli tangu saa tatu asubuhi. Nikasimama mara mbili, nikakaza kifuniko, nikaendelea. Mara ya tatu nikalishusha. Ubavu ulioegemea keria ulikuwa na alama ya mviringo, imelainika na kung'aa kama ukucha, na katikati yake kitundu kidogo kuliko ncha ya pini. Kichwa cha boliti ya keria kilikuwa kimeisugua plastiki tangu siku iliyotangulia. Tone lilitoka kila baada ya pumzi chache, likatambaa kwenye chuma chenye joto na kukauka kabla ya kudondoka. Ndiyo maana kila niliposimama, chini sikuona kitu.

Kitundu cha namna hiyo hutakiona kwa macho tu. Lifute dumu likauke kabisa, lizungushie karatasi nyembamba au kitambaa kikavu, uligeuze taratibu kila upande, kisha utafute mahali palipolowa. Ukikipata, sugulia kipande kikavu cha sabuni ya mche mpaka sabuni ijae ndani ya kitundu. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo itashika kwa muda. Gundi za kawaida hazishiki vizuri plastiki ya madumu, usipoteze muda nazo. Na sabuni yenyewe ni ya kukuwezesha kuhamisha mafuta tu: mimina kwenye tangi kiasi kitakachoingia, na dumu hilo lisibebe petroli tena.

Kuna harufu nyingine isiyo na kitundu wala mpira mbovu. Madumu ya mafuta ya kula, sabuni au dawa hupitisha mvuke wa petroli polepole kwenye kuta zake, hata yakiwa mazima. Dumu la petroli hasa lina ukuta uliotiwa kinga. Tafuta chapa iliyogandamizwa kwenye plastiki: 3H1 ni dumu la plastiki, 3A1 ni la chuma, zikitanguliwa na alama ya Umoja wa Mataifa ya vyombo vya kubebea vitu vya hatari. Karibu na chapa hiyo mara nyingi kuna duara kama uso wa saa, lenye mshale unaoonyesha mwezi wa kutengenezwa na mwaka katikati. Kwa kanuni za alama hiyo, dumu la plastiki hutumika miaka 5 tangu kutengenezwa, isipokuwa kama limewekewa muda mfupi zaidi. Baada ya hapo plastiki huchoka, hasa ile iliyopigwa jua.

Chupa ya maji ya kunywa usiiweke petroli kabisa. Kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke, ukuta wake hutoboka kwa kokoto moja, na mtu mwenye kiu anaweza kuinywa.

Dumu limevimba, au limebonyea

Kuvimba kuna sababu tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja: joto, mwinuko na mtikisiko.

Joto hupanua petroli kwa takriban asilimia 1 kila nyuzi 10. Lita 10 ulizochota asubuhi kwenye nyuzi 15 zitaongezeka karibu robo lita zikifika nyuzi 40 juani. Robo lita hiyo inahitaji pa kukaa. Ndiyo maana dumu halijazwi kupita asilimia 90 hadi 95. Mimi nasimamia 90.

Mwinuko nao hufanya kazi kwa nje. Mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa pwani. Hewa uliyoifungia bondeni inabaki na nguvu yake ya bondeni, basi kuta za dumu zinasukumwa nje. Ukiteremka upande wa pili mambo hugeuka: ukifungua kifuniko kileleni kisha ukakifunga, chini utalikuta dumu limebonyea kama limekanyagwa. Hilo la kubonyea halina hatari kubwa. Fungua kidogo livute hewa, basi. Ila dumu linalobonyea na kuvimba kila siku hupata mkunjo, na plastiki huchanika kwenye mkunjo.

Mtikisiko wa barabara mbovu huichanganya petroli na hewa, mvuke ukazidi. Kwa hiyo dumu lililovimba usilifungue ukiwa umetoka tu kwenye makorongo. Lishushe, liweke kivulini dakika kumi, litulie. Halafu funika kifuniko kwa kitambaa, geuza uso pembeni, zungusha robo tu mpaka usikie "fssss", ukae hapohapo. Ikinyamaza, zungusha tena. Anayefungua kwa mkupuo hupata petroli ya macho.

Dumu likivimba kila saa bila sababu ya mlima wala jua kali, tazama lilipo. Je, liko juu ya bomba la moshi, au ubavu wake unapata pumzi ya moto ya silensa? Gusa ubavu huo kwa kiganja. Ukiwa na joto kuliko ubavu wa pili, lihamishe leo.

Injini inakohoa au inazimika, na mafuta yapo

Hapa swali la kwanza ni hili: imeanza lini?

Ikiwa imeanza kilomita chache tu baada ya kumimina mafuta ya dumu, mshuku dumu. Kuna uchafu, maji, au mafuta yasiyo yake. Chota kidogo kwenye chupa safi ya kioo, usimamishe kwa dakika tano, uangalie kwenye mwanga. Maji hukaa chini. Ukiiinamisha chupa utayaona yakibingirika kama shanga. Vumbi na unga wa kutu hutulia chini pia. Chuma cha zamani hutoa kutu kwa ndani, na dumu la plastiki lililobeba mafuta nusu kwa siku kadhaa likiwa na mchanga ndani hujisugua lenyewe. Dizeli utaijua kwa mguso: petroli ikikauka kidoleni haiachi utelezi, dizeli huacha.

Pikipiki ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, ni rahisi kusafisha. Funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, acha mafuta yatoke kwenye kikopo, funga, fungua koki tena. Mara nyingi maji na vumbi vyote vinatoka hapo. Ikiwa bado inakohoa, jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, imeziba na lazima bakuli lifunguliwe. Kwenye pikipiki ya injekta, inayopuliza petroli kwa pampu ya umeme, huna bakuli la kumwaga, na chujio huwa ndani ya tangi. Hapo hakuna njia ya mkato, itabidi umwage tangi. Kwa sababu hiyo, mwenye injekta asimimine mafuta ya dumu bila faneli yenye chujio laini, hata siku moja.

Ikiwa ilizimika kwa kuishiwa kabisa, ukamimina akiba na sasa haiwaki, kuna hewa kwenye mrija. Kabureta ipe dakika moja koki ikiwa wazi, bakuli lijae. Injekta washa swichi bila kupiga stata, sikiliza pampu ikinguruma sekunde mbili tatu, zima, rudia mara tatu. Usipoisikia pampu, angalia fyuzi kwanza. Na uzoee kutofika huko: pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na kulainishwa na petroli yenyewe, na kuendesha mpaka tone la mwisho huifupishia maisha.

Aina ya tatu ndiyo inayochanganya wengi. Pikipiki inakwenda vizuri nusu saa au saa nzima, kisha inapoteza nguvu taratibu kama imeishiwa, inazima. Ukipumzika kidogo inawaka tena. Dumu halihusiki na tangi lina mafuta. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia likivuta hewa, tundu la kupumulia limeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kujaza nafasi, mwishowe mafuta yanagoma. Kinachoziba ni vumbi, lakini kwa msafiri mara nyingi ni begi la juu ya tangi lililokandamiza kifuniko, au mzigo uliobana mrija wa kupumulia. Sogeza begi, safisha tundu kwa waya mwembamba, uondoke.

Tangi la ziada halishushi mafuta

Wenye tangi la pili lililounganishwa kwa mrija wanategemea mafuta yashuke yenyewe. Yakigoma, kwanza angalia kama tangi la ziada nalo linapumua. Wengi hukumbuka tundu la tangi kuu na kulisahau hili. Kisha fuata mrija kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali unapopanda kisha kushuka kama nundu, hewa hukwama na mafuta hayapiti. Mrija wa plastiki laini inayoonyesha ndani hukakamaa kwa petroli na kupasuka kwenye kona, basi weka wa raba ya mafuta. Mwisho tazama kimo: sehemu ya chini ya tangi la ziada ikiwa chini ya uso wa mafuta ya tangi kuu, halitaisha lote bila pampu.

Kinyume chake ni kukuta petroli imemwagika usiku kutoka kwenye tangi kuu. Tangi la ziada limekaa juu na koki iliachwa wazi. Funga koki kila unapoegesha.

Usukani mwepesi, mkia unacheza

Lita moja ya petroli ina takriban robo tatu ya kilo. Lita 10 ni kilo saba na nusu, pamoja na dumu lenyewe. Kwa hesabu si mzigo mkubwa, ila inategemea umeuweka wapi. Ukiufunga nyuma kabisa ya keria na juu, unalinyanyua gurudumu la mbele. Dalili ni usukani unaotikisika ukilegeza mikono, pikipiki inayopinda kama nyoka mwendo ukipanda, na usiku taa kupiga juu ya miti badala ya barabara.

Ikianza kutikisika ukiwa kwenye mwendo, usikabe breki ghafla wala kuung'ang'ania usukani. Legeza mafuta taratibu, inama mbele uongeze uzito kwenye gurudumu la mbele, mwendo upungue wenyewe. Ukishasimama, shusha mzigo upange upya. Dumu likae chini na karibu na mgongo wako, mbele ya ekseli ya nyuma ikiwezekana. Jaza upepo wa tairi kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko cha fremu, na kaza springi ya shokapu ya nyuma.

Dumu lililobaki nusu lina tatizo jingine: mafuta yanapiga huku na huku, na kila unapokata kona mzigo unakuja baada yako. Hapa nina msimamo. Sipendi dumu moja la lita 10. Napenda manne au matano ya lita mbili, kwa sababu kila moja humiminwa lote kwa mara moja, na hakuna nusu inayocheza. Pia moja likitoboka hupotezi yote.

Kwenye chuma cha kukinga injini sifungi petroli, ingawa nimeona wengi wakifanya hivyo. Ndicho kinachogusa ardhi kwanza ukianguka, na ni hatua moja kutoka kwenye bomba la moto. Na mgongoni, kwenye begi, kamwe.

Petroli inamwagika kila unapohamisha

Mlio wa "glug-glug" ndio unaokumwagia. Dumu linapomimina linataka hewa iingie, na ukiliinamisha mdomo ukiwa upande wa chini, hewa na mafuta vinagombania njia moja. Ligeuze: mdomo uwe upande wa juu wa dumu unapoinamisha. Mafuta yatatoka chini ya mdomo, hewa itaingia juu yake, na mkondo utakuwa laini bila kuruka. Inaonekana kinyume mpaka uifanye mara moja.

Subiri injini ipoe kwanza, hasa bomba pale linapotoka kwenye silinda. Dakika 15 zinatosha kwa kawaida. Ukitumia mrija, usinyonye kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni hata kidogo inaunguza, na aliyeimeza hatapishwi, anapelekwa kwa daktari. Mrija wenye goroli kwenye ncha unatikiswa juu na chini mafuta yakapanda yenyewe, nunua huo.

Wakati wa kujaza kwenye pampu, dumu liweke chini ardhini, ncha ya pampu iguse mdomo wa dumu muda wote. Likijazwa likiwa juu ya siti au ndani ya begi, umeme tuli unaozalishwa na mafuta yanayopita hauna pa kushukia, na cheche moja inatosha.

Akiba imeisha kabla ya hesabu

Kosa huwa kwenye hesabu ya barabara nzuri. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita 32 kwa lita kwenye lami, na tangi la lita 12. Kwenye mchanga, na mzigo, na upepo wa mbele, weka 25. Kipande cha kilomita 340 kinahitaji lita 13.6, siyo 10.6. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya kupotea njia na kituo kilichokauka: lita 16.3. Toa 12 za tangi, unabeba lita 5. Si 10, na si 2.

Upepo usiudharau. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukiona unakula akiba haraka, kushuka kutoka 100 hadi 75 kwa saa kutakuokolea kilomita nyingi kuliko jambo lolote utakalofanya barabarani.

Umeanguka ukiwa na mafuta

Zima swichi, funga koki, ondoka pembeni na utazame kabla ya kuinua. Ikiwa kuna dimbwi, iburute au iinue pikipiki na kuisogeza upande upepo unakotoka, na usipige stata mpaka harufu iishe mahali ulipo. Nguo zilizolowa zivue hapohapo na ujioshe ngozi kwa maji. Petroli iliyonaswa ndani ya suruali huunguza, na wewe mwenyewe unakuwa utambi.

Dumu tupu

Ukishamimina la mwisho, usilione kama mzigo uliokwisha hatari. Dumu lenye petroli karibu lote lina mvuke mzito mno ndani yake, usioshika moto kirahisi. Lililomwagwa lina mabaki na hewa iliyoingia, na mvuke ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, hapo ndipo unapolipuka. Lifunge kwa kifuniko kilekile, lifunge kwa kamba kama lilivyokuwa limejaa, liweke mbali na jiko la kambini. Usilichotee maji, hata ukilisuuza mara kumi. Na ukiwa umefika na huna haja nalo tena, acha kifuniko wazi nje, kivulini, mbali na watu na moto, mpaka ukiinusa shingo yake usipate kitu.